Kabla Hujabadili Ng'ombe kwa Tela

Kamuli, alasiri, siku ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kamugisha,

Hali yako sikuulizi, maana asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza ndizi za watu wawili na maharage ya watatu. Mgonjwa hali hivyo. Baba yako anakusalimu, ingawa yuko hapo nyuma ya nyumba anaonja pombe ya rubisi anayodai ni ya wageni wa kesho. Tangu macho yake yaingie ukungu, barua zote za nyumba hii naandika mimi. Kazi yake yeye ni kuniuliza nimeandika nini, kisha kusema yeye angeandika vizuri zaidi.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala za kwenda kanisani, wala za kujihadhari na marafiki wa mjini. Hayo nimekuambia tangu Jumatatu mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza kusema. Naandika kwa sababu ya kamba.

Kamba ya ng'ombe haipo msumarini. Uliniambia unakwenda Kimuli kumuaga baba yako mdogo Zakaria, nami nikasema vyema, mpe salamu zangu. Ulipokwisha kupotea kwenye migomba nikaingia zizini kuchukua jembe, nikaukuta msumari mtupu. Ee waitu, mtu haendi kuaga na kamba! Ng'ombe wetu watatu wako kwa Zakaria tangu nyasi za huku zilipokauka: yule mama, mtamba wake, na dume. Baba yako alipokukabidhi lori alisema ng'ombe nao ni wako, siku ukiwahitaji chukua. Kwa hiyo huibi. Lakini najua unawafuatia nini. Unataka kesho uwapitishe mnadani wote watatu, na ukifika Bukoba ununue tela.

Nilipoona ule msumari nilitaka nikukimbilie. Nikafika mpaka kwenye ule mti wa mpaka, pumzi ikanikatikia, nikarudi. Nimeketi sasa juu ya tela letu la zamani, hili lisilo na magurudumu, katikati ya kahawa inayokauka, na kuku wananitazama. Wewe umelizoea kama kitanda cha kahawa. Limekuwa hapa miaka mingi hata wageni hudhani baba yako alilitengeneza kwa kazi hiyo, naye huwaacha wadhani hivyo. Habari yake unaijua nusu, ile nusu anayoisimulia yeye, na yeye hunificha mimi kwenye masimulizi yake kwa heshima. Leo nakupa nusu iliyobaki.

Baba yako aliponunua lori, hakuwa na tela. Tela lilikuwa la Zakaria. Lori la Zakaria lilikwisha kufa injini, likabaki tela lake tu, zima na zuri, halina wa kulivuta. Na hao wawili, unajua, walikula mukago ujanani mwao: waligawana punje moja ya kahawa yenye damu zao, kila mmoja akameza nusu. Tangu siku hiyo ni ndugu kuliko ndugu. Basi msimu wa kahawa ukifika, baba yako alikwenda Kimuli, akalifunga tela la Zakaria nyuma ya lori, akabeba magunia mpaka Bukoba, na Zakaria akapata fungu lake kwa kila safari. Msimu ukiisha, tela lilirudi Kimuli kulala. Gurudumu likipasuka, Zakaria ndiye aliyehangaika. Siku moja alitembea tangu asubuhi mpaka saa nane na chupa ya gundi mfukoni, akalikuta njiani, akaliziba, akarudi kwa miguu akipiga mluzi.

Ilikuwa raha. Ila nyuma ya tela lile Zakaria aliandika jina lake kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za mlango wa kanisa. Lori likipita, mtu wa mbele haoni jina lolote, na wa nyuma anaona ZAKARIA. Watu wote wa Kamuli wakawa wanasema lori la Zakaria limerudi. Nikienda kisimani, wanawake wananiambia, mume wako yupo leo, nimeona gari la Zakaria. Walisema kwa wema tu, lakini mimi nilisikia vingine. Nikawa natembea na hasira kifuani, nikilala nayo, nikiamka nayo.

Nikamsumbua baba yako. Sikumsumbua kwa kelele. Ningepiga kelele angekimbilia rubisi yake na mambo yangeishia hapo. Nilimsumbua kidogo kidogo, kila akiketi kula. Namwekea chakula, nauliza, hivi mtu mwenye kichwa chake anaazima mkia mpaka lini? Siku nyingine nasema tu, leo Zakaria amepita barabarani, kumbe ni wewe. Naye hutafuna, hunywa maji. Alinijibu mara moja tu, na neno lake nililichukia wakati ule.

"Tela la kukodi likikosa mzigo," alisema, "njaa ni ya mwenyewe. Likiwa langu, njaa itakuja kukaa hapa mezani."

Nikamwambia huo ni woga. Nilimwambia hivyo, mwanangu, mtu ambaye aliendesha lori lisilo na breki nzuri kushuka milima yote hii. Juma lililofuata akafungua zizi akatoa ng'ombe wote wanne. Mmoja alikuwa Bihogo, yule wa rangi ya udongo, aliyetoka kwa baba yangu nilipoolewa. Nilimwona Bihogo akipinda pale kwenye mti wa mpaka, nami sikulia, maana nilikuwa tayari naliona tela.

Kabla halijaja, Zakaria alipita kutusalimu. Nikamletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, kama inavyompasa mgeni. Akachukua punje mbili. Hajazitia mdomoni, mimi nikawahi kusema, shemeji, safari hii usihangaike kulitengeneza tela lako, sasa tutavuta la kwetu. Baba yako hakuwa amemwambia. Alikuwa anatafuta maneno, na mimi nikamwondolea kazi. Zakaria akatabasamu, akasema ni jambo jema, kisha akazirudisha zile punje kikapuni taratibu, akaomba ruhusa aende. Punje za kahawa kurudishwa kikapuni! Mtoto wa kwetu wa miaka mitano anajua kwamba huko ni kukataa undugu. Niliona, nikajifanya nafukuza kuku.

Sasa nikuambie kitu ambacho baba yako hasimulii: nililifurahia lile tela. Nisikudanganye eti tangu siku ya kwanza niliona kosa. Lilikuja jipya, mbao zinanukia, nyuma limeandikwa jina la baba yako, ELIYA, na mimi nilikwenda kisimani mara tatu siku hiyo, na maji yalikuwa tele nyumbani. Msimu wa kwanza lilijaa. Baba yako alitabasamu usukanini. Hata wewe ukipata lako utafurahi, nami sitakunyima furaha hiyo, ni tamu kweli.

Shida za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Kurudi nyuma na tela baba yako alikuwa hajui. Kuvuta alijua miaka yote, lakini la Zakaria alilifungua kila alipofika penye njia finyu, akaliacha barabara kuu, akaingia vijijini na lori peke yake kukusanya magunia. Hili letu alilionea fahari, akataka liingie mpaka uani kwa watu. Huko Mabira akakutana na gari jingine kwenye njia iliyobanwa na migomba pande zote. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto, ukilifuata, linajikunja. Alihangaika mpaka akaangusha migomba sita ya mtu. Mwishowe wanaume wakashusha mzigo wote, wakalibeba tela mikononi kama jeneza, wakaligeuza. Ile migomba sita nilikwenda kuiombea msamaha mimi, na kuku wawili kichwani.

Lakini msimu wa kahawa ni miezi, na mwaka ni mwaka. Magunia yakaisha, tela likabaki limesimama uani, na mimi kila nikitoka mlangoni naliona tupu. La Zakaria likiwa tupu lilikuwa Kimuli, sikuliona. Hili lilinitazama. Nikaanza kufikiri namna ya kulijaza. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya, na lilikuwa langu peke yangu, baba yako alikuwa safarini. Nilikata migomba. Nusu nzima ya kibanja, shamba letu hili la nyumbani, mwanangu, ule upande jua linakokuchwa, niliikata nikapanda kahawa tupu, nikisema kahawa ikizaa tutajaza tela letu kwa mazao yetu wenyewe.

Unacheka. Wewe umekulia hapa, unajua. Mgomba ndio mwavuli wa mkahawa, na majani yake ndiyo blanketi la udongo. Na mgomba wenyewe unasimama kwa samadi. Samadi ilitoka wapi? Ilitoka kwa Bihogo na wenzake, ambao niliwatoa ili nipate tela. Sikuuona mviringo huo, mimi niliyezaliwa ndani ya kibanja. Niliona tela tu.

Mwaka wa pili miche ya kahawa ikaungua jua. Migomba iliyobaki ikawa myembamba, mikungu yake midogo hata mtu anaona aibu kumpelekea mzazi. Baba yako akawa anatafuta mizigo ya kulilisha tela, chumvi, mabati, mchanga, chochote, mbali, kwa malipo ambayo lori peke yake lingeyakataa. Ikawa yeye ndiye anayelitumikia. Krismasi moja alikula njiani, chini ya tela, akiziba gurudumu kwa gundi, na hapakuwa na Zakaria wa kutembea kwa miguu kumfuata. Mimi hapa nyumbani nikafika siku ya kwenda kwa jirani kununua ndizi. Kununua ndizi! Mke wa mtu, mwenye kibanja, Mnyambo aliyelelewa kwa ndizi. Nilikwenda na kikapu nimekifunika, nikarudi nimekifunika zaidi. Wewe ulikuwa unakula viazi vitamu siku nyingi bila kuuliza, na kule kutouliza kwako kuliniuma kuliko maneno ya kisimani.

Baba yako hakunilaumu. Hata siku moja. Ningependa angenilaumu, tungegombana yakaisha.

Kisha siku moja, mchana mweupe, nikaona mtu anakuja kutoka njia ya Kimuli anaswaga mtamba. Zakaria. Nilitaka kujificha jikoni. Nikatoka, nikapiga goti nikamsalimu, machozi yananitoka hovyo, sikuyazuia. Akamfunga mtamba kwenye nguzo ya zizi tupu.

"Shemeji," akasema, "sikuja kwa ajili ya tela. Nimekuja kwa ajili ya migomba."

Basi. Nikaingia ndani nikatoa kile kikapu, nikampa kahawa. Akachukua punje mbili, akazitia mdomoni, akatafuna huku anauchungulia upande ule niliokata, akatikisa kichwa kama anayetazama nywele alizonyoa mtoto. Msimu uliofuata magurudumu ya tela letu yalikwenda kuvaliwa na lile la Zakaria, na baba yako akarudi kulikodi kama zamani. Jina la Zakaria likarudi barabarani. Nikaulizwa tena kisimani, nikajibu, ndiyo, ni gari la Zakaria, limefika salama. Nakuapia lilinitoka kwa urahisi. Yule mtamba alizaa, na aliyezaliwa akazaa, na hao watatu uliowafuata leo na kamba ni damu yake. Kibanja unakiona kilivyo sasa. Asubuhi ulikula mkungu wake.

Kwa hiyo nikuambie usinunue tela? Siwezi. Wapo walionunua wakaneemeka, wana mizigo ya mwaka mzima na barabara pana, na kwao kila siku ya tela la kukodi ni siku ya kumlipa mwingine faida yao. Bukoba si Kamuli. Huenda huko mizigo haina msimu. Wewe ndiwe utakayeona. Mimi nilikuwa naomba mambo mawili tu uyatazame. Tazama tela litakula nini miezi ambayo kahawa haipo. Na tazama unauza nini kulipata, kwa sababu mimi niliuza kilicholisha mzigo ili ninunue cha kubebea mzigo.

Na lipo la tatu, ndilo lililonifanya niketi kuandika. Juma lililopita tulikuwa tunakula, baba yako akakueleza wazo la Gozibert, mtoto wa Zakaria, kwamba yeye ana lori na wewe una lori, mkanunue tela moja mshirikiane. Mmoja azunguke vijijini na lori peke yake kukusanya, mwingine avute tela barabara kuu, kisha mbadilishane. Ukasema tela la watu wawili halina mwenyewe. Ukauliza litaandikwa jina la nani. Mimi kijiko kilinidondoka. Ilikuwa sauti yangu, mwanangu, ile ile ya miaka ile, inatoka kinywani mwako. Baba yako akanitazama, nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nilitaka kukuzuia leo. Nilikwisha kutunga maneno: kwamba ukiwauza hao wote kibanja changu kinakufa mara ya pili, na safari hii sina nguvu ya kukifufua. Ni kweli. Lakini nikiwa nimeketi hapa nimeona kwamba kosa langu la kwanza halikuwa tela wala migomba. Lilikuwa kumtoa mtu kwenye uamuzi wake kwa kumdonoa kila akila. Sitaki kuanza kukudonoa na wewe, tena kwa barua, ambayo huwezi hata kuikimbia.

Ngoja. Mbwa wanabweka. Naweka kalamu.

Nimerudi. Nimewaona, mko bado mbali, chini kule kwenye mteremko, lakini macho yangu si ya baba yako. Nimehesabu mara mbili. Wewe unamswaga dume. Mama na mtamba wake hawapo, umewaacha Kimuli. Na nyuma yako yupo Gozibert, naye anaswaga dume lao jeusi, na mnacheka kwa sauti ya kusikika mpaka huku.

Madume mawili. Nusu yako na nusu yake.

Kumbe ulikuwa unaona. Miaka yote ile uliyokula viazi ukinyamaza, ulikuwa unaona, na mimi nimemaliza karatasi zote nilizopewa kanisani kukufundisha jambo unalolijua. Furaha niliyo nayo siwezi kuisema, nimemwita baba yako nimemwambia, naye amesema yeye alijua tangu asubuhi, ila anasema hivyo kwa kila jambo. Barua sitaichana. Nitaitia kwenye mfuko wako chini ya shati jeupe, uisome siku mtakapogombana na Gozibert nani avute kwanza msimu wa kahawa, maana mtagombana, ndugu hugombana. Siku hiyo mkae, mtafune kahawa, msirudishe punje kikapuni. Na jina la nyuma mwandike lolote, au mwache mbao tupu.

Mengine nayaandika nisiyasahau kuwaambia kwa mdomo mkifika: mnadani kesho mwambie mnunuzi dume letu ni mpole, ila asimkaribie upande wa kushoto, hupiga teke. Mnyweshe maji kabla ya kumwingiza, atapendeza. Mkifika sasa hivi mfungeni zizini yeye na mwenzake, na mtandike nyasi nyingi chini. Watalala hapa usiku mmoja tu, lakini kesho mkishaondoka nitazoa samadi yao niiweke kwenye mgomba wa mlangoni.

Mama yako